Pangaboi nne dukani: namna ya kuunga regulata za mwendo

RUSIZI – Kamembe iko juu, karibu na Ziwa Kivu, na hewa yake huwa ya wastani. Lakini anayeteremka hadi bonde la Bugarama hukutana na joto la aina nyingine. Huko mto Rusizi unaiacha Rwanda kwenye kimo cha mita 950 hivi, sehemu ya chini kuliko zote nchini. Duka la jumla lililojaa magunia na wateja haliwezi kukaa bila pangaboi, na duka kubwa huhitaji tatu au nne.

Kosa la kawaida huanzia hapo. Mwenye duka hununua feni nne, kisha ili kupunguza gharama anataka zote ziendeshwe na regulata moja ukutani. Feni ya kawaida ya inchi 56 hutumia takriban wati 75. Nne ni wati 300, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni ampea 1.3 tu. Ni mzigo mdogo kwa waya, lakini ni mkubwa kwa regulata iliyoandikwa wati 100. Kibaya zaidi, breka ya ampea 10 haiwezi kuona tatizo hilo. Regulata itachemka na kuungua ndani ya kiboksi chake huku breka imetulia, na nyuma yake pengine pamepangwa vitenge au magodoro.

Aina ya regulata nayo ina maana. Zile za kapasita, zenye hatua nne au tano, hutengenezwa kwa feni moja. Zikiungwa feni mbili, volti nyingi hubaki kwenye kapasita, na feni zote huzunguka kivivu au hukataa kuanza. Za kielektroniki, zenye kitufe cha kuzungusha, zinaweza kubeba feni zaidi ya moja iwapo wati zilizoandikwa zinatosha na kubaki. Za zamani za waya wa kukinza hugeuza umeme kuwa joto, kwa hiyo mwenye mita ya Cashpower hulipia hata upepo asioupata. Swichi ya kufifisha taa isitumike kabisa: feni hunguruma na mota huchoka.

Njia iliyo salama ni regulata moja kwa kila feni. Waya wa moto hutoka kwenye breka, hupita swichi moja kuu, kisha hugawanyika kwenda kwenye kila regulata, na kutoka regulata huenda kwenye feni yake. Nyutro huenda moja kwa moja kwenye feni zote bila kupita swichi yoyote. Waya wa athi, kijani na njano, hufungwa kwenye mwili wa kila feni. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha. Jioni swichi kuu huzima zote kwa mara moja, na mchana feni ya kaunta inaweza kwenda taratibu bila kuipunguza ya stoo. Feni zisiungwe kwa kufuatana, moja baada ya nyingine kwenye waya uleule wa moto, kwani zitagawana volti.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye kibali, na umeme uzimwe kwenye breka kuu. Ndoano ishikwe na boriti au zege, si na mbao za dari. Panga zikae angalau mita 2.4 kutoka sakafuni, na mbali na vichwa vya wapakiaji wanaosimama juu ya magunia.

Feni mpya za rimoti, zinazotumia wati 30 hivi, haziungwi na regulata ya ukutani hata kidogo. Kadi yake ya ndani huharibika. Hizo hupewa swichi ya kawaida tu.

Kwa wanaosafirisha: kabla ya kupakia, soma kibandiko. Feni ya volti 110 haifai Rwanda, Kongo, Burundi wala Tanzania. Hakikisha regulata imo katoni ileile. Katoni zikifunguliwa kwa ukaguzi mpakani, panga za feni moja zisichanganywe na za nyingine, kwa sababu hupimwa uzito kwa seti, na seti iliyochanganyika huyumba tangu siku ya kwanza.