Dogo, Pisha!

Mabenchi yalikuwa sita na turubai moja. Turubai lilikuwa letu sisi watoto, limetandikwa chini kabisa, karibu na runinga kiasi kwamba ukitazama picha mpaka mwisho unatoka na shingo imekakamaa kama mtu aliyelalia mkono. Benchi la kwanza na la pili walikaa vijana wa darasa la sita na la saba. Yaliyofuata ni ya wakubwa. Benchi la mwisho, lile lililoegemea ukuta wa mabanzi, lilikuwa la wenye nazo: dereva wa lori la mpunga, fundi redio, mwalimu mmoja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote. Ukiingia unajua tu.

Hilo ni banda la video la kwetu Katindiuka, Ifakara, miaka ya mwanzoni ya 2000. Kiingilio mtoto shilingi 50, mkubwa 100, na siku ya mpira ni 200 kwa kila kichwa, uwe na ndevu au huna. Hiyo bei ya mpira ndiyo iliyonitia kwenye kesi ninayotaka kuisimulia. Lakini ndugu msomaji, nivumilie kidogo nizunguke, maana baadaye nimekuja kugundua kwamba ugomvi wetu wa pale bandani ulikuwa na umri mkubwa kuliko banda lenyewe, na hata kuliko Ifakara kuwa mji.

Wanaoandika historia ya sinema hupenda kuanzia Paris, tarehe 28 Desemba 1895, siku ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipoonyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio. Waliolipa walikuwa 33. Watu 33 ni nusu ya banda letu siku ya picha mpya ya Kichina, kwa hiyo naamini siku ile hakuna aliyegombea kiti. Ugomvi ulikuja watu walipozidi. Huko Marekani akina mama wa mjini walikuwa wakienda sinema na makofia mapana yenye manyoya ya ndege, aliyekaa nyuma haoni kitu. Mwaka 1909 D. W. Griffith akatengeneza kipicha cha dakika kama tatu, Those Awful Hats. Ndani yake wanawake wanaingia sinema na makofia hayo, watu wanalalamika, mara linashuka koleo kubwa la chuma kutoka darini, linang'oa kofia, na mwishowe linamnyanyua mama mmoja mzima mzima! Sisi Katindiuka hatukuwa na koleo. Tulikuwa na maganda ya machungwa. Ukisimama mbele ya runinga kwa sekunde tatu, ganda limekufika kisogoni, na ukigeuka kumtafuta mrushaji wote wanatazama picha kwa utulivu kama wako kanisani.

Kwetu Afrika Mashariki jumba linalotajwa sana ni Royal ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1921. Mwenyewe alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, na aliyechora ramani ni J. H. Sinclair, Mwingereza wa serikali ya huko. Katika miaka ya 1950 jumba hilo liliungua, likajengwa upya, na ndilo wengi wanalolijua kwa jina la Majestic. Dar es Salaam nako kukawa na Empire, Avalon, Odeon, Empress na mengineyo. Tanga, Moshi, Arusha, kila mji uliojiona mji ulitaka jumba lake.

Sasa angalia mpango wa viti. Balkoni, juu, ndiyo ghali. Ukishuka chini, viti vya nyuma vina bei yake, na kadiri unavyosogelea pazia ndivyo bei inavyoshuka, mpaka unafika mbele kabisa wanakokaa wasio na kitu na watoto waliochanga senti. Mambo yaleyale ya turubai letu! Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mwenye banda wa Katindiuka hakuwahi kutia mguu Majestic, lakini mbele aliweka walalahoi na nyuma wenye nazo, sawasawa na mabwana wa Unguja.

Kuna jambo moja hapo lisipite hivi hivi. Viti vile viligawanywa kwa bei. Huko Afrika Kusini mambo yaligawanywa kwa rangi. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma ilihalalisha kumwekea mtu mweusi mahali pake pabovu, au kutomwekea kabisa. Unguja, Mwafrika, Mwarabu na Mhindi waliweza kukaa chini ya paa moja wakaililia picha moja, ingawa mfuko ndio uliosema nani akae wapi. Tusijisifu sana lakini. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na bodi ya kukagua filamu, na bodi hiyo iliweza kuipitisha picha kwa watu wote isipokuwa Waafrika. Hapo kiti kinaweza kuwa kitupu, pesa unayo mkononi, na bado huingii. Adabu gani ya viti utakayomfundisha mtu aliyezuiwa mlangoni?

Wanawake nao walikuwa na hesabu yao. Unguja yalikuwako maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama wa kukaa ndani avae buibui lake, aende na dada zake na majirani, atazame picha bila macho ya wanaume. Katika banda letu mwanamke sikumwona isipokuwa muuza karanga, naye aliishia mlangoni. Hili mimi naliona ni kurudi nyuma. Banda la mwaka 2005 lilikuwa limefungwa kwa wanawake kuliko jumba la miaka ya 1950, na hakuna aliyewakataza. Ni ile lugha ya mle ndani, na ule mbanano.

Jumapili ndiyo ilikuwa kasheshe. Jumapili ni picha za Kihindi, na ikija ya Raj Kapoor kama Awara ya 1951, au Mother India ya 1957, mji mzima unataka kuingia. Kulikuwa na familia zinazojulikana zinakaa wapi kila wiki, na kulikuwa na walanguzi wanaonunua tiketi mapema na kuziuza nje kwa bei ya kuumiza. Tena usidhani watu walikaa kimya. Watu waliimba na steringi, walimwonya adui yuko nyuma ya mlango, walimtukana mama mkwe mkorofi. Ule ukimya wa kizungu ambao siku hizi unaambiwa ndio ustaarabu wa sinema haukuwa sheria ya watu wetu. Hata bandani kelele ziliruhusiwa. Kosa ambalo halikusamehewa ni moja, kuitangulia picha: wewe umeshaiona, halafu unasema kwa sauti kwamba yule atakufa. Hapo hata mwalimu wa benchi la mwisho alirusha ganda.

Baada ya uhuru majumba hayo yakapita mikono mingine. Mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company, shirika la umma, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ikayachukua mengi. Dar es Salaam ilikuwa pia na sinema ya magari, ile Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa 1966. Huko matatizo ya kiti yalikwisha, kwani kila mtu alikuja na kiti chake chenye matairi manne! Kiwanja hicho leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo mwaka 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.

Haya yote ni ya mijini. Sisi wa bonde la Kilombero sinema tuliifahamu kwanza kwa gari. Mwanzo wa mambo hayo ni miaka ya 1935 hadi 1937, Waingereza walipoweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt, wakatengeneza filamu za kufundisha kilimo na afya na kuzitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland. Magari ya serikali yaliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru.

Bibi yangu aliliona gari la sinema akiwa msichana. Anasimulia kwamba shuka jeupe lilifungwa kwenye miti miwili, wazee wakabebewa vigoda kutoka nyumbani, wanawake wakakaa upande mmoja kwenye mikeka, watoto mbele juu ya mavumbi. Hakuna kiingilio. Waliochelewa walikosa nafasi wakaenda kukaa nyuma ya shuka, na picha waliiona, ila imegeuka. Bibi alikuwa mmoja wao. Kitu kilichomshangaza si yale mafundisho ya kuchimba choo, bali kwamba watu wote wa kwenye picha walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto. "Nikasema, hawa wamelelewa na nani?"

Pale penye gari hapakuwa na tiketi, kwa hiyo umri ndio uliokuwa tiketi. Majestic palikuwa na tiketi, kwa hiyo umri haukuhesabika. Kijana mwenye pesa ya balkoni alipanda balkoni, mzee wa senti chache akakaa mbele. Banda la video likazichukua sheria zote mbili likazitia chini ya bati moja. Umelipa, na bado wewe ni mtoto.

Mabanda yalishika kasi kwa sababu Tanzania Bara ilichelewa kupata runinga. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Mtu mwenye deki na runinga alikuwa tajiri wa mtaa. Zikaja kanda za kutafsiriwa, Lufufu akizungumza juu ya sauti za Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili cha mtaani, akiongeza na ya kwake, na sisi tukaamini Jackie Chan ndivyo anavyosema. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Hili huwa linanichekesha na kuniuma pamoja: Kidatu, bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, liko wilaya yetu, Kihansi halipo mbali, na mwenye banda wa Katindiuka ilimlazimu kununua jenereta.

Basi turudi kwenye kesi. Jumatano, tarehe 25 Mei 2005. Liverpool na AC Milan, fainali ya Ulaya, Istanbul. Nilikuwa na miaka kumi na moja na shilingi 200 nilizopata kwa kuamia ndege shambani kwa mjomba. Bibi alijua nimelala kwa mjomba, mjomba alijua nimelala kwa bibi. Nililipa mia mbili kama mtu mzima, nikakaa kwenye turubai kama mtoto.

Mapumziko Milan tatu, Liverpool bila. Jamaa mmoja wa benchi la tatu, shabiki wa Liverpool, akasimama, akasonya kwa nguvu, akatoka zake. Pengo likabaki. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikapanda. Kwa mara ya kwanza nikaiona runinga ile bila kuinua shingo.

Unajua kilichofuata. Dakika ya 54 Gerrard, ya 56 Smicer, ya 60 Alonso. Tatu kwa tatu ndani ya dakika sita. Kelele zilifika barabarani, na jamaa akarudi anahema.

"Dogo, pisha."

"Ulitoka."

"Nimesema pisha."

"Nimelipa mia mbili kama wewe."

Banda likagawanyika. Wengine wakasema kiti alikiacha mwenyewe, hakuacha hata kofia. Hiyo ni sheria ya bombani: ukiondoka, ndoo yako ibaki kwenye foleni ikusimamie. Wengine wakasema mtoto hana kiti mbele ya mkubwa, ametoka wapi huyu, mwana wa nani. Mwenye banda akaja na tochi akanimulika usoni. Mteja ni mfalme, walisema, na sisi tulikuwa wafalme wawili kwa kiti kimoja. Mmoja anakuja kila wiki na huagiza soda, mwingine hulipa hamsini na kunywa maji ya mtungi. Alinishika mkono akanitoa mpaka nje. Mia mbili yangu haikurudi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kama angetaka nipishe kwa sababu ni mkubwa kwangu na amechoka, ningepisha, hivyo ndivyo nilivyolelewa na sijutii. Lakini mpirani alitukatia tamaa, kisha akarudi kuchukua furaha akiwa ameiacha mwenyewe. Hilo halina umri. Na mwenye banda, kama bei ni moja, mabenchi yawe mamoja. Akitaka heshima itawale, basi asichukue mia mbili za mtoto.

Nje, nyuma ya banda, palikuwa na tundu kwenye mabanzi, nalo lina watu wake: wasio na kiingilio, wapiga chabo. Nilidhani nitakuta ngumi. Nikakuta foleni. Walikuwa wanane, wadogo kwa wakubwa, pamoja na yule muuza karanga na sinia lake kichwani. Kila mmoja anaweka jicho, mwenzake anahesabu kwa sauti mpaka ishirini, halafu anapisha na kurudi nyuma ya mstari. Aliyetoka kutazama anawasimulia wengine alichokiona. Hakuna aliyeniuliza mwana wa nani. Nikajipanga.

Dakika za nyongeza nilizipata kwa vipande vipande hivyo. Ikafika penalti. Zamu yangu ilikuja Milan wameshakosa mbili. Nikaweka jicho, muuza karanga akaanza kuhesabu. Kumi. Smicer akafunga. Kumi na saba, Shevchenko anakuja na mpira. Kumi na tisa, anauweka chini.

"Ishirini," akasema.

Nikapisha.