Studebaker: Kutoka Mkokoteni wa Farasi hadi Avanti

Studebaker ilikuwa kampuni ya Marekani iliyounda vyombo vya usafiri kwa zaidi ya miaka 110, na kwa zaidi ya nusu ya muda huo vilikokotwa na farasi. Ilianza Februari 1852 mjini South Bend, jimbo la Indiana, pale ndugu wawili wahunzi, Henry na Clement Studebaker, walipofungua karakana kwa mtaji wa dola 68. Ndugu yao John alikwenda California wakati wa msako wa dhahabu, lakini fedha aliipata kwa kuwaundia wachimbaji matoroli. Mwaka 1858 alirudi na dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry, na karakana ikapanuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jeshi la Kaskazini likawa mteja mkubwa.

Gari la kwanza la Studebaker, la mwaka 1902, lilitumia umeme. La petroli lilifuata mwaka 1904. Mwanzoni kampuni ilitegemea fremu na injini za kiwanda cha Garford, yenyewe ikishughulikia bodi, kazi iliyofanana na ile ya mikokoteni. Ilipoungana na kampuni ya E-M-F mwaka 1911 ilipata viwanda vya magari mjini Detroit. Mkokoteni wa mwisho ulitoka mwaka 1920.

Mdororo wa uchumi uliikuta kampuni ikiendelea kugawa faida kubwa kwa wenye hisa huku akiba ikiyeyuka, na mwaka 1933 ikawekwa chini ya mfilisi. Iliinuka tena, na mwaka 1939 ikatoa Champion, gari jepesi lisilokula mafuta mengi. Katika Vita vya Pili vya Dunia iliunda malori ya US6. Mengi yalipelekwa Urusi ya Kisovieti, na baadhi yakafungwa mitambo ya roketi za Katyusha.

Mwaka 1946, washindani wakubwa wakiwa bado wanauza maumbo ya kabla ya vita, Studebaker ilileta umbo jipya. Kioo cha nyuma cha toleo lake la Starlight kilizunguka hadi ubavuni, watu wakatania kwamba haijulikani gari linakuja au linakwenda. Toleo la mwaka 1950 lilikuwa na pua ya duara kama ya ndege.

Umbo zuri halikuficha udhaifu wa hesabu. Viwanda vilikuwa vikongwe, mishahara juu, na magari machache mno kubeba gharama hizo. Ford na General Motors walipopigana vita vya bei, kampuni ndogo ndizo zilizoumia. Muungano na kampuni ya magari ya Packard mwaka 1954 haukuiokoa. Lark, gari dogo la mwaka 1959, lilileta faida hadi makampuni makubwa yalipotoa madogo yao. Avanti ya mwaka 1962, yenye bodi ya faibaglasi na breki za diski mbele, ilichelewa kuwafikia wateja, na haikufika hata magari 5,000.

Kiwanda cha South Bend kilifungwa Desemba 1963, na cha Hamilton, Kanada, Machi 1966. Mfuko wa pensheni haukutosha: maelfu ya wafanyakazi ambao hawajafikisha miaka 60 walilipwa takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili, na wengine hawakupata kitu. Mkasa huo ulichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1974 inayolinda pensheni za sekta binafsi nchini Marekani.