Kinyamaseke: Kijiji cha Njiani na Watu Wake



Wengi wetu tunaijua Kinyamaseke kupitia dirisha la taksi. Unatoka Kikorongo, unaelekea Mpondwe. Mkono wa kulia kuna milima ya Rwenzori, mkono wa kushoto nchi inashuka tambarare mpaka Hifadhi ya Queen Elizabeth. Halafu unaona maduka ya mabati, magunia ya mahindi, boda zimepangwa zinangoja abiria, mtu anakaanga chapati. Dakika mbili tu, umeshapita. Mbele inakuja Bwera, inakuja Mpondwe, unafika daraja la mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kongo.

Sasa, kijiji kama hiki kina historia gani ya kuandika? Hilo swali tuliliuliza sisi wenyewe kabla hatujaanza.

Wale ndugu wa mashirika waliotoka Uingereza watatuelewa haraka. Kwao, kijiji kidogo kabisa kinaweza kuwa na daftari la kanisa lenye majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, maana makanisa yaliamriwa kuandika tangu mwaka 1538. Vingine vimetajwa katika kitabu cha mwaka 1086 kinachoitwa Domesday. Lakini tujue pia kitabu hicho kiliandikwa kwa nini: mfalme alitaka kujua nani ana ardhi, nani ana ng'ombe, na kodi itatoka wapi. Hapa kwetu karatasi zilikuja baadaye sana, ila sababu ilikuwa ileile. Waliokuja na kalamu walikuwa wanatafuta kitu: chumvi, kodi, pamba, wanyama wa pori. Watu wenyewe, na vile walivyohama na kurudi, hayo yako katika majina yao na midomo ya wazee.

Tuanze na chumvi. Ziwa la Katwe haliko mbali na hapa, na chumvi yake ilikuwa mali kubwa zamani, kabla hakujawa na lami wala mpaka. Ilibebwa kichwani kuelekea milimani, na kwa mitumbwi mpaka upande wa Kongo wa leo. Kwa ajili hiyo watawala waliipigania. Kabarega wa Bunyoro alituma watu wake kuishika. Mwaka 1889 Stanley alipita Katwe na msafara wake, na wapagazi wengi katika msafara ule walikuwa watu wa Zanzibar. Mwaka 1891 Lugard akajenga ngome palepale, akaiita Fort George. Kwa hiyo mtu akituambia Kiswahili kimeletwa huku na wakimbizi, tunamjibu kwa heshima tu: zaidi ya miaka 130 iliyopita Kiswahili kilikuwa tayari kinapita njia hizi, kimebeba mizigo ya watu wengine.

Halafu ukaja mpaka. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana mistari yao ipite wapi. Hawakuuliza mtu wa milimani. Watu waliokuwa wamoja wakajikuta katika nchi mbili: upande huu wanaitwa Bakonzo, upande ule wanaitwa Banande. Lakini sikiliza majina. Huku Bwambale, kule Kambale. Huku Baluku, kule Paluku. Huku Masereka, kule Kasereka. Huku Kule, kule Kakule. Binti wa kwanza ni Masika pande zote mbili. Ni majina ya mpango wa kuzaliwa, yanamwambia kila mtu wewe ni mtoto wa ngapi kwenu. Kijana aliyekimbia kutoka Beni au Butembo akifika Kinyamaseke, akataja jina lake, mama wa hapa anaweza kujua amezaliwa wa ngapi kabla hajajua ametoka kijiji gani. Asubuhi atasalimiwa "Wabukire", akishukuru atasema "Wasingya", na akikaribishwa chakula atapewa obundu na sombe. Hicho ni chakula cha kwao kabisa.

Ila tusidanganyane, maisha ya wenyeji wenyewe hayakuwa ya amani. Kwa mkataba wa mwaka 1900 Waingereza waliwaweka Bakonzo na Baamba chini ya ufalme wa Toro. Kodi ilikwenda Toro, na wakubwa walitoka Toro. Kukawa na uasi milimani, na mwaka 1921 viongozi watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, wakanyongwa. Majina yao bado yanatajwa. Mwaka 1962, Uganda ikiwa karibu kupata uhuru, Isaya Mukirane na wenzake walitoka katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo wakatangaza Rwenzururu kuwa nchi yao. Vita vilidumu miaka ishirini. Nyumba zilichomwa, watu wa bondeni wakapanda milimani kujificha, na wengine wakavuka mpaka kwenda Kongo. Ndiyo, Kongo. Wakati ule njia ya kukimbia ilikuwa inaelekea kule, na waliokuwa wanapokea wageni ni wale ndugu wa upande wa Beni.

Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliitenga sehemu hii na Toro, ikawa wilaya yake, ambayo leo ni Kasese. Mwezi wa Agosti 1982 Charles Mumbere, mtoto wa Mukirane, akashuka milimani na watu wake, wakaweka silaha chini. Ufalme ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Lakini Novemba 2016 damu ikamwagika tena Kasese, kwenye jumba la mfalme, na waliokufa walipita 100. Ukiona mzee ananyamaza unapomuuliza mambo haya, muache anyamaze. Si historia ya mbali kwake.

Kuna jambo lingine linalobana maisha ya bondeni, nalo ni hifadhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi kandokando ya maziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Pori likarudi, wanyama wakaongezeka. Mwaka 1952 eneo hilo likatangazwa hifadhi, na mwaka 1954 likapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake. Upande wa Kongo, Wabelgiji walikuwa wameshatangaza hifadhi yao tangu 1925, ile tunayoiita leo Virunga. Basi bonde likabaki jembamba: juu mlima, chini hifadhi, katikati watu wanaozidi kuongezeka.

Waliobanwa zaidi ni wafugaji Basongora, waliokuwa wakilisha ng'ombe katika tambarare hizi kabla ya hifadhi. Wengine walivuka na mifugo yao mpaka Virunga. Mwaka 2006 wakafukuzwa kule, wakarudi Uganda na ng'ombe wao, wakakuta nchi yao ya zamani ni hifadhi au ni mashamba ya watu wengine. Ugomvi wa ardhi kati ya mfugaji na mkulima, ambao tunausikia mpaka leo upande wa Nyakatonzi, una mizizi hapo. Wafikirie: wamerudi nyumbani, na nyumbani wanaitwa wageni.

Katikati ya hayo yote watu walilima. Pamba ililimwa sana bondeni, na chama cha ushirika cha Nyakatonzi kikawa cha kuinunua na kuichambua. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe hasa, na mji ukakua. Leo treni haifiki tena, lakini Kinyamaseke bado inaishi kwa shamba na barabara. Mahindi, pamba, maharage na mihogo vinatoka bondeni, kahawa inashuka kutoka milimani. Siku ya soko la Mpondwe, yaani Jumanne na Ijumaa, magari yanapita hapa yamejaa mpaka juu. Wanaolima karibu na hifadhi wanalala shambani wakati mahindi yamekomaa, juu ya tembo. Wanapiga madebe, wanawasha moto. Sheria inasema asilimia 20 ya pesa za getini za hifadhi irudi kwa majirani zake, lakini mtu aliyepoteza shamba zima usiku mmoja, hiyo hesabu haimlishi mwezi unaofuata. Na mito nayo inashuka kwa hasira: Mei 2020 mito ya Rwenzori, pamoja na Nyamugasani, ilifurika na kubeba mazao na nyumba.

Tuje kwetu sasa. Wakimbizi katika wilaya hii si jambo jipya. Miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokimbia kwao walipewa makazi Ibuga, hapahapa Kasese. Leo Kasese haina makazi rasmi. Anayevuka Mpondwe anatakiwa aandikishwe na apelekwe mbali, Rwamwanja, Kyaka au kwingine. Lakini wengi wanaokimbia Beni na Butembo wanapokelewa kwanza na shangazi, na mjomba, na mtu wa ukoo. Nyumba ya vyumba viwili inalala watu kumi na wawili. Hakuna hema, hakuna bango la shirika, na hesabu nyingi hazituoni, wala hazimuoni yule mama aliyetupokea.

Na hofu ipo. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia Mpondwe na Bwera, na kwa miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu wa Rwenzori waliishi kambini ndani ya nchi yao wenyewe. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka na familia moja. Mtoto alipelekwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, na watu watatu wa familia ile walifariki. Wahudumu wa afya na majirani walikubali kufuatwa na kupimwa kila siku, na ugonjwa haukuenea vijijini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, umri wetu. Baada ya hapo, kijana asiyejulikana akitokea kituoni anaongea Kiswahili cha Kongo, watu wanamtazama mara mbili. Inatuuma. Lakini wazee wa Uganda wana kumbukumbu za Kiswahili cha askari wa Amin, na wazazi wa Mpondwe wamezika watoto. Hofu yao haikuanza na sisi.

Ndiyo maana tunaona historia hii ina kazi. Katika fomu za mashirika kuna visanduku viwili, mkimbizi na mwenyeji. Tunaelewa kwa nini, msaada lazima uhesabiwe. Ila Kinyamaseke ukiuliza familia moja miaka 100 nyuma, utakuta imewahi kuwa katika visanduku vyote viwili. Babu alihamishwa kwa malale au hifadhi, baba alikimbilia Kongo wakati wa Rwenzururu, mama alilala kambini wakati wa ADF, na leo binti yao anagawa godoro na Kavira aliyetoka Beni. Zamu tu zinabadilika.

Kwa ndugu wa mashirika, ombi letu ni moja: mkija kuhesabu waliofika, hesabuni pia nyumba zilizowapokea, hata kama haziko ndani ya makazi rasmi. Serikali yenyewe ina mpango kwamba asilimia 30 ya msaada iwafikie wenyeji, ila ni katika wilaya zinazotambuliwa kupokea wakimbizi. Huku bado tunasubiri.

Kwa vijana wenzetu: jifunze kusalimia kwa Lhukonzo, hata kama ulimi wako ni wa Kinyabwisha au Kilendu. Msaidie jirani kulinda mahindi usiku. Na mzee akiwa na nafasi, kaa chini yake, muombe ruhusa, muulize: wakati ule mlikimbilia wapi, na nani aliwafungulia mlango? Andika anachosema, na jina la kijiji, na mwaka kama anaukumbuka. Sisi tumeanza na wazee watano wa hapa Kinyamaseke. Daftari bado lina kurasa nyingi.