Ulezi wa Serikali na Sauti ya Ukoo: Mtoto Mbele ya Sheria katika Likasi na Katanga

Katika misemo iliyosalia vinywani mwa wazee wa makambi ya Likasi, mmoja unastahili kuchunguzwa kabla ya mingine: Union Minière njo baba, njo mama. Maneno haya ya Kiswahili cha Katanga husemwa pengine kwa sifa, pengine kwa uchungu. Anayesoma historia ya sheria huona ndani yake jambo la tatu, nalo ni kwamba yanamtaja mlezi ambaye hakumzaa mtoto wala hana undugu naye. Walezi wa namna hiyo, yaani Serikali, misheni na kampuni, wameandikiwa sheria nyingi tangu mwisho wa karne ya 19. Yule ambaye angesimama mbele ya hakimu kuusemea ukoo aliandikiwa machache sana.

Chanzo ni amri mbili za Dola Huru ya Kongo. Ya kwanza, ya tarehe 12 Julai 1890, iliwaweka chini ya ulezi wa Serikali watoto waliookolewa kutoka misafara ya watumwa, pamoja na watoto walioachwa na mayatima. Ya pili, ya tarehe 4 Machi 1892, iliruhusu mashirika ya dini na ya hisani kuwapokea watoto hao katika vituo vyao na kutumia mamlaka ya ulezi kwa niaba ya Serikali. Kwa maandishi, jambo lilikuwa jema, maana biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai mashariki. Katika utekelezaji, ilitosha mtoto kuitwa yatima, naye aliyempa jina hilo mara nyingi ndiye aliyemhitaji. Tume ya Uchunguzi iliyozunguka Kongo mwaka 1904 na 1905, ikiwa na Edmond Janssens, Giacomo Nisco na Edmond de Schumacher, ililiona hilo. Ilisema kwamba kwa jinsi jamaa za Kiafrika zilivyotanda, yatima wa kweli alikuwa adimu, na kwamba misheni nyingine ziliwashika watoto ambao sheria haikuwakusudia.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye neno lenyewe. Yatima, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Ni neno la jamii inayohesabu nasaba kwa upande wa baba. Lakini Basanga, wenyeji wa nchi inayouzunguka mji wa Likasi, kama walivyo Walamba na Wakaonde, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa watu hao, mtoto asiye na baba hajapotewa na mlezi hata kidogo. Sheria iliyotafuta baba, isipomwona ikaandika kwamba mtoto ameachwa, ilikuwa ikiuliza swali lisilo la nchi ile. Mjomba aliyeujua mwenendo wa ukoo hakuujua mwenendo wa mahakama, na hapakuwa na wakili wa kumfasiria.

Likasi ilikua juu ya misingi hiyo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Viwanda vya Panda na Shituru viliuvuta mji, nao ukaitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawaita wafanyakazi waje na wake zao na kukaa. Wengi walitoka Kasai, hasa baada ya reli kufika Port-Francqui mwaka 1928. Toka hapo mtoto akawa jambo la kampuni. Alipimwa uzito zahanati, akapewa posho yake ya chakula, akasomeshwa katika shule zilizokabidhiwa Wabenediktini. Faida haikuwa ndogo, na si haki kuidharau: watoto wengi waliishi ambao wangekufa. Lakini baba aliyepewa nyumba, chakula na shule na mwajiri mmoja alikuwa na nafasi ndogo ya kubishana naye juu ya malezi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameyachambua haya kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Tarehe 6 Desemba 1950 ikatoka amri kuhusu watoto wahalifu. Pamoja na kumtoa mtoto katika gereza la watu wazima, jambo la kusifiwa, ilimpa hakimu uwezo wa kumweka katika taasisi ya Serikali ya ulinzi na elimu, na haikuwagusa wezi tu bali pia watoto wazururaji na waombaji. Amri hiyo iliuvuka uhuru, ikavuka Zaire nzima, ikafutwa mwaka 2009.

Lililoonyesha wazi zaidi gharama ya ukimya wa ukoo ni jambo la machotara. Sera ilihusu koloni zima: mtoto aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu alionekana hatari kwa utaratibu wa rangi, kwa hiyo alitafutwa, akaondolewa kwa mama na kukabidhiwa misheni. Wasichana watano wa namna hiyo, Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, walichukuliwa wakiwa wadogo sana, kati ya mwaka 1948 na 1953, wakalelewa katika misheni ya masista ya Katende, Kasai. Mama zao walikuwa hai. Wajomba na bibi zao walikuwa hai. Kwenye karatasi za Serikali, hata hivyo, watoto hao walihesabiwa kuwa walioachwa, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 hao walioitwa watoto wa Serikali waliachwa na Serikali yenyewe katikati ya vita.

Mwaka 2018 bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu machotara, na mwezi Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi. Radhi si hukumu. Wanawake watano wale, sasa wazee, walimshitaki mlezi wao wa zamani huko Brussels. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliwakatalia, ikisema kwamba kitendo hicho hakikuwa kosa la jinai kwa sheria ya wakati ule. Mawakili wao wakakata rufani, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikatamka kinyume: kwamba palikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto hao kwa sababu ya asili yao tu, kwamba huo ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu tangu misingi ya Nuremberg, na kwamba uhalifu wa aina hiyo haufutwi na miaka. Kila mmoja aliamuliwa fidia ya euro 50,000.

Msomaji wa Likasi, ambaye pengine babu yake alishuka kwenye treni ile ile ya Kasai, aangalie kilichobadilika kati ya 1948 na 2024. Ushahidi mwingi ulikuwapo tangu mwanzo, nao uliandikwa na maofisa wenyewe, wakaufunga katika mafaili. Mama alikuwapo na angeweza kuulizwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa sheria, anayelipwa au kujitolea kwa ajili ya upande wa mama, wa kuyafungua mafaili hayo mbele ya hakimu asiye ofisa aliyemchukua mtoto. Alipopatikana, wale watoto walikuwa wamepita miaka sabini.

Huko Likasi, baba wa makambi naye alianguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, familia za asili ya Kasai zilifukuzwa mwaka 1992 na 1993, na wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi ulioanza mwaka 2003. Umaskini ukaleta watoto mitaani na machimboni, na ukaleta tuhuma za uchawi dhidi ya watoto katika nyumba ambazo hazikuweza tena kuwalisha. Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ilijibu hali hiyo. Iliagiza mahakama ya watoto katika kila mji na kila wilaya. Ikamlinda mtoto aliye katika hali ngumu, akiwemo aliyekataliwa na wazazi au kusingiziwa uchawi. Na anayemsingizia mtoto uchawi akawekewa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Mtoto wa namna hiyo huwekwa na asistani sosiali katika familia nyingine au katika kituo, chini ya jicho la hakimu wa watoto.

Ni sheria bora mara nyingi kuliko ya 1892. Ila katika jambo moja inafanana nayo. Mtoto anayetuhumiwa kuvunja sheria ametajiwa waziwazi haki ya kuwa na wakili. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 19, inapomtaja wakili inautaja mwenendo wa jinai. Na kumwondoa mtoto nyumbani si jinai. Mama asiye na mali anabakiwa na ofisi ya ushauri wa bure, iliyoundwa na sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979, baada ya kupata hati ya kuthibitisha ufukara wake. Na hati hiyo nayo ina foleni yake. Baraza la familia, ambalo Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inalitambua, lingeweza kumpeleka mjomba au shangazi kusema kwamba yuko tayari kumlea mtoto. Linapokuja na avoka husikilizwa kwa namna moja. Linapokuja peke yake, kwa nyingine.

Na kabla ya yote hayo kuna karatasi. Sheria ya 2009 inataka kila mtoto aandikishwe bure ndani ya siku 90 za kuzaliwa kwake. Muda ukipita, cheti hakipatikani tena ila kwa hukumu ya mahakama inayosimama mahali pake, na hukumu hutaka mashahidi, nauli na siku za kungoja. Aliyezaliwa kando ya machimbo ya Shinkolobwe, na ambaye mama yake hakufika ofisini kwa wakati, atalazimika kwanza kuthibitishwa kuwa ni mtoto wa mama huyo ndipo mama aruhusiwe kumwombea.