Kukumbuka majina ya watu: ukweli, na chumvi inayotiwa

Zongwe, katika teritware ya Kalemie, ni kama vijiji vingine vya kando ya ziwa: hakosi mzee anayesifiwa kwamba anajua watu wote kwa majina. Mpeleke sokoni, watu wanasema, atamwita kila mtu kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake aliyehama zamani. Habari ikifika kijiji cha pili, mzee anajua hata majina ya mbuzi.

Chumvi ya namna hii ni ya zamani. Xenophon, Mgiriki aliyeandika maisha ya mfalme Cyrus wa Uajemi, alisema mfalme huyo alijua majina ya maofisa waliokuwa chini yake. Karne kadhaa baadaye Pliny, Mroma, akaandika kwamba Cyrus alijua majina ya askari wote wa jeshi lake. Mfalme amekwisha kufa siku nyingi, lakini bado anajifunza majina!

Masimulizi haya huacha nje jambo moja: mwenye kukumbuka alishika nini ili akumbuke? Kwa hilo hatuna haja ya kwenda Uajemi. Waluba, ambao baadhi yao wako Manono na Kabalo, walikuwa na lukasa. Ni kibao cha mti kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, kimepigwa shanga na makome, ama kimechongwa alama. Si kila mtu aliweza kukisoma. Ilikuwa kazi ya watu wa chama cha Mbudye waliofika daraja ya juu. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga, naye akataja majina ya wafalme, safari zao na mahali walipokaa, tangu habari za Nkongolo na Kalala Ilunga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mfalme na watu wake. Tena kibao kilekile hakikusomwa sawasawa kila mara: ilitegemea siku, shauri lililokuwa mbele, na nani alikuwa akisikiliza. Leo lukasa moja iko katika jumba la makumbusho la Brooklyn, Marekani, na hapo haina msomaji.

Majina yenyewe nayo yanaweza kusaidia. Kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini, ukisikia Kambale unajua ni mtoto mwanaume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Hata aliyesahau anaweza kuhesabu.

Basi kwa nini jina linapotea na sura inabaki? Mwaka wa 1987 wachunguzi wa Uingereza walionyesha kwamba neno lilelile ni rahisi kukumbukwa likiwa kazi ya mtu kuliko likiwa jina lake. Kwetu ingekuwa hivi: ukiambiwa huyu ni mvuvi, unaona nyavu, mtumbwi, dagaa. Ukiambiwa anaitwa Mvuvi, huoni kitu. Ndiyo maana hata Furaha na Riziki, majina yenye maana wazi, yanatoroka, na mtu anajiokoa kwa kusema «ndugu yangu» ama «mama watoto».

Hapo mambo ni ya kuchekesha tu. Ziwani si hivyo. Wagiriki walisimulia juu ya Simonides, mshairi aliyetoka nje ya karamu kidogo tu kabla ya paa kuanguka. Maiti hazikutambulika, lakini yeye alikumbuka kila mtu alikaa wapi, na jamaa wakapata kuzika watu wao. Huenda nayo imetiwa chumvi, ila watu wa Tanganyika wanaielewa bila kufasiriwa. Desemba 2014 meli Mutambala, iliyotoka Kalemie kuelekea Uvira, ilizama, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Boti ikiondoka bila orodha kamili ya abiria, wanaobaki pwani wanafanya kazi ya Simonides. Waliookoka wanaulizwa nani alikaa wapi: karibu na mota alikuwa nani, juu ya magunia nani, yule mama mwenye mtoto mgongoni alipandia kijiji gani. Jina linatafutwa kutoka mahali alipokaa mtu, na mara nyingine linapatikana la mtoto tu: mama Neema, basi.