Biashara ndogo Bongwe: Aliyebaki na chombo cha kazi ndiye hurudi sokoni

HOTELI za Diani zinapokosa wageni, njaa hubisha hodi Bongwe. Eneo hili la Kaunti ya Kwale, lililo jirani na mji wa Ukunda, hutegemea utalii hata kwa wakazi wake ambao hawajawahi kumuuzia mtalii chochote.

Mshona makuti ya kuezekea, muuza madafu, mchonga vinyago, fundi wa cherehani na mwendeshaji wa bodaboda wote hupata sehemu ya fedha zinazoanzia hotelini. Mwenye kibanda cha unga na sukari naye huwauzia wapishi, walinzi na wafagizi wanaolipwa na hoteli hizo. Mshahara ukikatika, daftari lake la madeni hujaa.

Misukosuko ya aina hii si mipya Pwani ya Kusini. Mnamo Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa huku wengine wapatao 100,000 wakihama makwao. Wengi wa waliohama walikuwa wenye asili ya bara, wakiwemo wafanyabiashara. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii kwa mara nyingine.

Mnamo Mei 2014, Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya kuzuru Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa, lakini iliumia vivyo hivyo, kwani kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wateja wao na kufuta safari za ndege za kuja Mombasa. Onyo hilo liliondolewa mwaka wa 2015.

Pigo la mwaka wa 2020 lilikuwa la aina nyingine. Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19 na hazikurejea hadi Agosti 1. Kati ya Aprili na Juni, watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Kwale. Safari hii, hata mgeni wa kutoka Nairobi hakuweza kuja kuziba pengo la mgeni wa ng'ambo.

Ni nini basi humwezesha mchuuzi mmoja kufungua tena kibanda chake huku jirani yake akishindwa? Kwa kawaida tofauti haiko katika ukubwa wa mtaji wa awali bali katika kile alichosalia nacho wateja waliporudi. Fundi aliyeuza cherehani yake ili kununua chakula hawezi kupokea kazi hata ikija siku ya pili. Aliyeila nyama ya msimu wa shida kwa akiba, na cherehani ikabaki, huanza kushona siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana akiba ya chama ina uzito mkubwa. Mchango mdogo wa kila wiki hulinda chombo cha kazi usiku ambao hakuna kingine cha kuuza. Hata hivyo, chama ambacho wanachama wake wote wanategemea hoteli huyumba siku moja na hoteli hizo, kwa kuwa kila mmoja huhitaji kukopa wakati hakuna anayeweza kuchangia. Chama chenye mkulima wa muhogo, mwalimu na mvuvi huwa na nguzo zaidi ya moja.

Jambo la pili ni mteja wa karibu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mama karanga anayewauzia majirani samaki wa kukaanga hupata faida ndogo kuliko anayepeleka kamba hotelini, lakini majirani hawapandi ndege kurudi kwao.

Tatu ni mkopo unaolingana na mwendo wa biashara. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza na mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayolipwa katika siku 14. Muda huo humfaa anayenunua samaki asubuhi na kuwamaliza jioni. Kwa mshona makuti anayengoja hoteli iezeke upya baada ya masika, siku 14 huisha kabla hajapata oda.

Utalii si mhimili pekee unaoweza kutikisika. Kampuni ya Base Titanium, iliyoanza kusafirisha madini yake mwaka wa 2014, ilikomesha uchimbaji Kwale mnamo Desemba 2024, na waliowauzia chakula na kuwapangisha nyumba wafanyakazi wake wakalazimika kutafuta wateja wengine.

Kwa mchuuzi wa Bongwe, wakati wa kujiandaa ni Desemba, Diani inapojaa wageni, wala si Mei mvua inaponyesha na vitanda vya hoteli vikiwa vitupu. Akiba haiozi, na chombo kilichohifadhiwa huwa tayari kabla ya mgeni wa kwanza kuwasili.