Masya wa Kitui, Bingwa wa Enzi ya Redio

Septemba 18, 2021, ugani Kasarani, Ferdinand Omanyala alitimka mita 100 kwa sekunde 9.77. Alimaliza wa pili, nyuma ya Mmarekani Trayvon Bromell aliyetumia 9.76, lakini rekodi ya Afrika ikawa yake. Video ya mbio hizo ilipita simu hadi simu. Omanyala ni mtu wa magharibi mwa Kenya, ila watu wa miji ya Wote na Mwingi, huku Ukambani, walimshangilia kama mtoto wa nyumbani.

Sifa hizo alistahili. Tangu Seraphino Antao wa Mombasa aliposhinda katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, Kenya ilikaa miaka 60 bila dhahabu ya mbio hizo za kasi, hadi Omanyala alipoileta kutoka Birmingham mwaka 2022. Tena mita 100 zinaitosha simu: unazitazama zote ukingoja matatu ijae. Mbio za saa nzima hazina bahati hiyo.

Ndipo namkumbuka Benson Masya.

Masya alizaliwa Kitui mwaka 1970, akaanzia kwenye ndondi kabla ya kugeukia riadha. Septemba 20, 1992, mashindano ya dunia ya nusu marathon yalipofanyika kwa mara ya kwanza kabisa, kaskazini mwa Uingereza, yeye ndiye aliyeshinda, kwa saa 1 na sekunde 24. Bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio hizo ni Mkamba wa Kitui! Aliibuka mshindi wa Great North Run, nusu marathon ya huko huko Uingereza, mara nne, na mwaka 1994 alikaribia kabisa kushuka chini ya saa moja: 1:00:02. Marathon ya Honolulu aliitwaa mara tatu.

Habari hizo zilifikaje kwetu? Kwa redio ya betri, na kwa gazeti lililoshuka na basi likiwa limechelewa. Vijiji vingi vya Kitui havikuwa na umeme, na Makueni ndiyo kwanza ilikuwa imekatwa kutoka Machakos mwaka huo huo wa 1992. Kamera za Uingereza zilimwona Masya akikimbia. Mama wa Kitui alisikia jina tu, tena mara moja. Jina lililosikika mara moja husahaulika upesi.

Masya alifariki Septemba 2003, akiwa na miaka 33, kabla ya simu za mkononi kujaa picha. Wanaopima ukubwa wa mwanariadha kwa idadi ya wafuasi mtandaoni wanamdhulumu, maana hakuwahi kupewa nafasi ya kuhesabiwa. Kwangu mimi, yeye ni jagina sawa na yeyote tunayemshangilia leo.

Ewe msomaji wa Kitui au Makueni, kama nyumbani kwenu kuna picha yake ya zamani, au mzee aliyewahi kukimbia naye, iweke mtandaoni, mrekodi mzee huyo akisimulia, na uandike jina kamili: Benson Masya, Kitui, 1992.